Kutafuta Chumba Ng'ambo

Juma hili nimeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa Kimumu, na wa Uasin Gishu yote kwa jumla, hulifikiria mwisho kabisa, nalo ni mahali atakapolala mtoto wao afikapo ng'ambo. Barua ya kukubaliwa chuoni ikifika, jamaa wote hukusanyika. Hesabu ya karo hufanywa, hesabu ya tikiti ya ndege hufanywa, pasipoti na viza hushughulikiwa, na koti zito hutafutwa sokoni mjini Eldoret. Huuzwa ng'ombe, ama magunia ya mahindi ya msimu mzima, na pengine kipande cha shamba. Mchango huitishwa. Lakini ukimwuliza baba wa mtoto, "Mwanao atalala wapi usiku wa kwanza?" atakujibu kwa utulivu, "Huko watamwonyesha." Nani atakayemwonyesha? Hapo mzee hunyamaza.

Sisi watu wa Kimumu yatupasa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana wengi wetu twaishi kwa kupangisha wanafunzi. Tangu Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa zamani tawi la Chepkoilel, kilipopewa hati yake mwaka 2013, mashamba mengi ya kando ya barabara iendayo Iten yamegeuka vyumba vya kupanga. Mwanafunzi hutoka Busia ama Kitui na sanduku lake na godoro, huuliza langoni kama kuna chumba, mtunza nyumba humwonyesha, naye hulipa kodi ya mwezi mmoja pamoja na dipositi, hupewa ufunguo siku ile ile. Mara nyingi hakuna karatasi yo yote illa ujumbe wa M-Pesa ulio katika simu. Jioni amekwisha kutandika kitanda chake.

Huko ng'ambo mambo hayaendi hivyo. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani chumba hutafutwa miezi mitatu au minne kabla ya masomo kuanza. Mwenye nyumba hataki kujua tu kama una fedha, hutaka kujua wewe u nani, ni nani akudhaminiye, na ulikopanga zamani ulilipa vizuri au la. Mgeni hana historia hiyo. Hata kama huku nyumbani baba yake ni mwenye ekari hamsini za ngano, huko yeye ni mtu asiyejulikana, na ni lazima avumilie kuulizwa maswali ambayo hapa tungeyaona ni ya dharau.

Nitaanza na Finland, kwa kuwa jina la nchi hiyo lajulikana hapa hata kwa watoto wa shule za msingi. Mwaka 2021 na 2022 wazazi wengi wa wilaya zetu walilipa fedha katika mpango wa serikali ya kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Canada. Vyuo vya Finland vilivyotajwa vilikuwa kile cha sayansi tumizi cha Tampere, na cha Jyväskylä, na Laurea kilicho karibu na Helsinki. Mwaka 2023 ilidhihirika kwamba fedha za wengi hazikufika vyuoni. Vijana waliokwisha kufika huko walipata barua za kuwaonya kwamba wataondolewa, na wazazi walijaa katika barabara za Eldoret wakidai fedha zao. Mwaka huo huo watu kadhaa walipelekwa mahakamani kwa mashtaka yaliyohusu zaidi ya shilingi bilioni moja, nao wakayakanusha. Kuamua nani ana hatia si kazi ya karani aandikaye safu hii, ni kazi ya mahakama. Neno langu ni moja tu, yaani kodi ya chumba haingoji kesi. Mwenye nyumba wa Tampere hana habari za mkutano uliofanyika Eldoret. Siku ya kulipa ikifika hutaka fedha zake, na mtoto aliyewekewa matumaini na jamaa yote hujikuta akihesabu siku.

Kwa hiyo ni vizuri mzazi ajue mwenyewe jinsi vyumba vya nchi ile vinavyopatikana, asiache kila kitu mikononi mwa mtu wa kati. Vyuo vingi vya Finland havina mabweni yake vyenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mashirika ya nyumba za wanafunzi yasiyotafuta faida. Katika Tampere lipo TOAS, katika Jyväskylä lipo KOAS, katika eneo la Helsinki lipo HOAS, na katika Turku lipo TYS. Mwanafunzi akishakubaliwa chuoni hujaza ombi lake mwenyewe kwa njia ya intaneti. Hahitaji wakala wa kumjazia, na wakala anayedai malipo makubwa kwa kazi hiyo anauza kitu ambacho mtoto aweza kukipata kwa saa moja ya kukaa na simu yake. Maombi huwa mengi sana kabla ya mwezi wa nane na wa tisa, kwa kuwa ndipo mwaka wa masomo unapoanza. Aombaye mwezi wa tano huwa mbele ya mwenzake aombaye mwezi wa nane.

Shirika likimpata chumba humwandikia, na humpa siku chache tu za kujibu na kulipa amana. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapoanguka. Barua hufika, mtoto humwambia baba, baba huanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe, na mnunuzi wa ng'ombe hajui habari za haraka. Fedha zikitoka benki ya Eldoret siku ya Ijumaa, huenda zisionekane Ulaya mpaka katikati ya juma lifuatalo. Chumba kimekwisha kupewa mtu mwingine. Yafaa fedha za amana ziwe tayari kabla barua haijafika.

Je, ni fedha ngapi? Chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana, ambamo kila mtu ana mlango wake na jiko ni la wote, chaweza kugharimu euro 300 au 400 kwa mwezi. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 150, hiyo ni shilingi 45,000 mpaka 60,000. Mtu wa Kimumu akisikia hivyo hushika kichwa, maana kwa fedha hizo hapa angepata nyumba nzima na ua wa kuku. Lakini lazima tulinganishe vitu vinavyolingana. Katika kodi ile mara nyingi umo joto la nyumba, nalo katika nchi ambayo baridi hushuka nyuzi ishirini chini ya sifuri si anasa. Sheria ya Finland ya kupangisha nyumba, ya mwaka 1995, yasema kwamba amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu. Mtu awaye yote anayedai zaidi ya hapo avunja sheria ya nchi yake.

Kadhalika serikali ya Finland humtaka mwanafunzi wa nchi za mbali aonyeshe kwamba anazo fedha za kujitunza. Zamani kiasi kilikuwa euro 560 kwa mwezi, yaani 6,720 kwa mwaka, kisha kikapandishwa kuwa euro 800 kwa mwezi. Wazazi wengine hukopa fedha hizo kwa ndugu, huzionyesha benki, halafu huzirudisha mtoto akishapanda ndege, wakiamini kwamba atapata kazi mara moja na kujilipia. Kwa kweli mwanafunzi aruhusiwa kufanya kazi huko, kwa wastani wa saa 30 kwa juma, lakini ruhusa si kazi. Asiyejua Kifini huweza kukaa miezi mingi bila kuajiriwa, na kodi hulipwa kila mwezi. Tabia hii ya kuonyesha fedha za kukopa siipendi, wala sioni aibu kuisema.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini juu ya wezi. Mzee mmoja jirani yetu alinijia ofisini na simu yake mkononi, amefurahi sana. Binti yake alikuwa ameona tangazo la chumba katikati ya mji wa Tampere, chenye kitanda, meza na kabati, kwa euro 250 tu, maji na umeme ndani yake. Mwenye chumba aliandika kwa upole, akasema kwamba yeye ni mcha Mungu, afanya kazi melini, kwa hiyo hawezi kumwonyesha mtu chumba, lakini atautuma ufunguo kwa posta mara atakapopokea kodi ya miezi mitatu na amana ya mwezi mmoja. Jumla euro 1,000. Fedha zitumwe kwa jina la mtu mwingine, katika nchi nyingine. Mzee alikuwa njiani kwenda kuzituma, naye alinijia tu ili nimsaidie kuijaza fomu.

Nikamwomba anionyeshe picha. Chumba kilikuwa kizuri kweli kweli. Lakini ukutani, karibu na kitanda, palionekana tundu la umeme lenye mianya mitatu ya pembe nne, kama haya yetu tuliyorithi kwa Waingereza. Nikamwambia, "Mzee wangu, Finland hawatumii tundu la namna hii. Lao lina matundu mawili ya mviringo. Picha hii yawezekana imepigwa Uingereza, au hata hapa Nairobi, lakini Tampere haikupigwa." Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Lakini karani, mtu huyu amenitumia hata pasipoti yake." Nikamjibu kwamba picha ya pasipoti yaweza kuwa ya mtu aliyetapeliwa kabla yake, maana wezi hawa huomba pasipoti ya kila mtu anayewaandikia, kisha huitumia kumdanganya anayefuata. Yule mzee alikuwa karibu kutuma thamani ya ng'ombe mzuri wa maziwa kwa mtu asiyekuwapo.

Alama za wizi huu hazibadiliki sana. Bei huwa ya chini kupita zote za mji ule. Mwenye nyumba daima yu mbali, melini, au hospitalini, au katika kazi ya misheni. Hawezi kuzungumza kwa simu ya picha akauzungusha mkono ndani ya chumba. Ana haraka, kwa kuwa "watu wengine watatu" wakitaka chumba hicho hicho. Na fedha azitaka kwa njia isiyoweza kurudishwa. Dawa yake ni kumtafuta mtu mmoja wa kwetu aliye katika mji ule, aende kwa miguu yake auone mlango. Wanafunzi wa Kenya wapo karibu katika kila mji wenye chuo kikubwa, na hupatikana kwa njia ya makanisa, ya vyama vyao, ama ya ofisi ya chuo inayowashughulikia wageni. Ofisi hiyo aghalabu hujua pia majina ya mashirika ya kweli. Kama hakuna wa kwenda kuuona mlango, basi fedha zisiondoke.

Uingereza ina mambo yake. Huko kodi ya vyumba vya wanafunzi hutajwa mara nyingi kwa juma, wala si kwa mwezi, na hesabu hiyo imewapotosha wengi. Mzazi huona pauni 150, huzidisha kwa nne, hupata 600, huridhika. Lakini mwaka una majuma 52. Zidisha 150 kwa 52, ugawanye kwa 12, utapata pauni 650 kwa mwezi. Tofauti ya pauni 50 kila mwezi ni fedha za chakula za mtoto wako. Katika England, sheria ya mwaka 2019 imeweka kwamba amana isizidi kodi ya majuma matano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba lazima aiweke katika mfuko uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30 na kumpa mpangaji habari zake kwa maandishi. Asiyefanya hivyo aweza kushtakiwa na mpangaji wake. Wenye nyumba wengi hutaka mdhamini aishiye Uingereza, na asiyekuwa naye alizoea kudaiwa kodi ya miezi sita mbele. Sheria ya haki za wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 ilikusudia kuukomesha mtindo huo katika England, basi adaiwaye hivyo aulize ofisi ya wanafunzi chuoni kabla ya kulipa. Wanafunzi wa muda wote hawalipishwi ile kodi ya baraza la mji iwapo wote waliomo nyumbani ni wanafunzi, lakini ni lazima waombe cheti chuoni na kukipeleka kwa baraza.

Wajerumani nao wana neno la "kodi baridi" na "kodi ya joto". Kodi baridi ni ya chumba peke yake. Kodi ya joto imeongezwa maji, takataka na kupasha nyumba moto. Tangazo likitaja kodi baridi ya euro 350, usije ukadhani ndiyo yote utakayolipa. Tena usishangae ukikuta nyumba ya kupanga isiyo na jiko, yaani hata sinki na makabati mpangaji aliyeondoka ameyang'oa akaenda nayo. Hiyo ndiyo desturi yao. Amana haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na sheria yamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu, jambo ambalo wageni wengi hawalijui nao hulipa zote kwa mkupuo. Mtu akihamia lazima ajiandikishe mjini ndani ya majuma mawili, akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba. Chumba cha kulala sakafuni kwa rafiki, ambacho mwenyewe hataki kukuandikia karatasi hiyo, kitakufungia milango mingi. Na kabla ya viza, mwanafunzi huonyesha akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, naye huruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi.

Canada nitaipitia upesi. Vijana wetu kadhaa waliandikiwa kwenda Thompson Rivers katika mji wa Kamloops, ulio katika jimbo la British Columbia. Katika jimbo hilo amana haizidi nusu ya kodi ya mwezi. Katika Ontario mwenye nyumba aruhusiwa kuchukua kodi ya mwezi wa mwisho tu, wala si zaidi. Katika Quebec haruhusiwi kudai amana kabisa. Nchi ni moja, sheria tatu. Uhaba wa nyumba ulikuwa mkubwa hata serikali ya Canada, mwezi wa kwanza wa mwaka 2024, ikatangaza kuweka kiwango cha idadi ya wanafunzi wa kigeni, na fedha za kujitunza ambazo mwanafunzi huonyesha zilipandishwa kutoka dola 10,000 kwa mwaka mpaka 20,635. Tangu hapo zimeongezwa tena. Tazameni jinsi jambo la vyumba vya kulala lilivyogeuka kuwa jambo la serikali.

Baadhi yenu mtauliza, je, mtu mweusi hupangishwa huko bila taabu? Swali hili si jipya. Jomo Kenyatta alikaa katika nyumba nambari 95 ya Cambridge Street, mtaa wa Pimlico mjini London, miaka ya 1930, na leo pana kibao cha samawati ukutani cha kumkumbuka. Lakini miaka ile, na hata miaka ya 1950, Mwafrika aliyekwenda kugonga mlango wenye tangazo la chumba aliweza kuambiwa kwamba chumba kimechukuliwa dakika ile ile. Madirishani yalitundikwa matangazo yaliyosema wazi kwamba watu weusi hawatakiwi. Ndiyo sababu wanafunzi wa Afrika ya Magharibi, chini ya chama chao cha WASU kilichoanzishwa mwaka 1925, waliamua kujitafutia hosteli yao wenyewe. Katibu wao, Ladipo Solanke, alisafiri pwani yote ya Afrika ya Magharibi akichanga fedha, na mwaka 1933 hosteli ikafunguliwa London. Wole Soyinka, aliyesoma Leeds, aliandika shairi zima juu ya mtu anayeulizwa rangi yake kwa simu na mwanamke mwenye chumba. Sheria ya Uingereza ya kukataza ubaguzi katika upangishaji wa nyumba haikuja mpaka 1968, na Marekani nayo ilipitisha ya kwake mwaka huo huo. Vijana 81 waliopelekwa Marekani kwa ndege mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, waliokolewa kidogo na jambo hili kwa sababu wengi walilala katika mabweni ya vyuo ama kwa jamaa waliowapokea.

Leo ubaguzi huo ni kosa kisheria katika nchi zote nilizozitaja, na Finland ina sheria yake ya usawa iliyoanza kutumika mwaka 2015. Lakini ujanja haukufa. Siku hizi hakuna anayekutukana. Barua yako haijibiwi tu. Mtoto aandike barua kumi, asikate tamaa kwa kutojibiwa na saba. Na hapa mashirika ya wanafunzi yana faida kubwa, kwa sababu hufuata foleni na kanuni zilizoandikwa.

Mkataba ukifika, usomwe wote. Najua ni mrefu. Hata hivyo kuna neno moja la kutafuta kabla ya mengine, nalo ni kama mkataba ni wa muda maalum au ni wa kuendelea. Katika Finland mkataba wa kuendelea mpangaji aweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, ihesabiwayo tangu mwisho wa mwezi alioitoa. Mkataba wa muda maalum, kwa kawaida, hauvunjwi kabla ya siku yake. Fikirini sasa juu ya kijana aliyetia sahihi mkataba wa mwaka mmoja akiwa bado hapa Kimumu, halafu viza yake ikakataliwa. Anadaiwa kodi ya chumba ambacho hajakiona. Basi kabla ya kutia sahihi na amwandikie mwenye nyumba aulize itakuwaje viza isipotoka, na jibu alitunze.

Siku ya kusafiri nayo ichaguliwe kwa akili. Ofisi zinazotoa funguo hufungwa jioni, na Jumamosi na Jumapili nyingi hazifunguliwi. Mtoto akifika Ijumaa saa nne za usiku atalala nje ama atalipa hoteli ya bei kali kwa siku tatu. Afadhali afike Jumatatu au Jumanne asubuhi, na awe amekwisha kulipia kitanda cha hosteli ya wasafiri kwa usiku mmoja au mawili iwapo ndege itachelewa. Ajue pia kwamba vyumba vingi vya wanafunzi huko Finland ni vitupu. Hakuna kitanda, hakuna meza. Yapo maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika ambayo huuza godoro na sufuria kwa bei nafuu, lakini usiku wa kwanza blanketi alilotoka nalo nyumbani litamfaa kuliko sahani za udongo ambazo mama alitaka kumfungia.

Akishapewa ufunguo, jambo la kwanza kabla ya kufungua sanduku ni kuzunguka chumba na simu akipiga picha kila ufa, kila doa, kila kitasa kilicholegea, na kuzituma siku hiyo hiyo kwa mwenye nyumba. Hapa kwetu hatuna desturi hiyo, na ndiyo maana kila mwaka hapa Kimumu wenye nyumba na wanafunzi hugombana juu ya dipositi, huyu akisema kioo kilikuwa kimevunjika, yule akisema hakikuwa. (Sisemi ni upande upi husema kweli, maana nina jamaa pande zote mbili.)

Kuishi na watu wengine chini ya paa moja kuna adabu yake. Katika nyumba nyingi za Finland na Ujerumani watu hutakiwa kukaa kimya tangu saa nne za usiku mpaka saa moja au saa kumi na mbili za asubuhi. Yule apendaye kusonga ugali saa tano za usiku, mwiko ukigonga sufuria, atapata barua mlangoni. Si chuki, ni kanuni, na jirani Mfini akipatikana na kosa hilo atapata barua hiyo hiyo. Chumba cha kufulia nguo huwa cha wote na huwekewa zamu. Ipo pia sauna, yaani chumba cha mvuke, ambayo wakaaji huiandikisha kwa saa. Madirisha yasiachwe wazi usiku kucha wakati wa baridi, na jiko la makaa lisiingizwe ndani hata mara moja, maana hewa yake huua katika chumba kilichozibwa. Akijifungia nje bila ufunguo ataita kampuni ya kutunza jengo, nayo itamfungulia kwa malipo.

Pakitokea ugomvi na mwenye nyumba, asinyamaze wala asikimbie usiku. Katika Finland kipo chama cha wapangaji kiitwacho Vuokralaiset, Ujerumani vipo vyama vya wapangaji karibu katika kila mji, British Columbia na Ontario zina mabaraza ya serikali ya kusikiliza mashauri haya, na Uingereza wapo Shelter na Citizens Advice. Wengi wa washauri hawa hawadai fedha, ama hudai kidogo. Kijana wetu huogopa kwamba akilalamika atanyang'anywa viza. Kudai amana yako si kosa la uhamiaji.

Na mwishoni, akimaliza masomo ama akihama, notisi itolewe kwa maandishi na kwa wakati wake, chumba kisafishwe mpaka tanuri la jiko, picha zipigwe tena, na ufunguo urudishwe kwa mkono na kupokelewa kwa risiti. Amana hairudishwi siku ile ile. Huchukua majuma kadhaa, na hupelekwa katika akaunti ya benki ya nchi ile. Kwa hiyo asiifunge akaunti hiyo siku ya kwenda uwanja wa ndege kama wengi wafanyavyo. Na aiache wazi, amwachie mwenye nyumba anwani yake ya Kimumu na nambari ya simu, mpaka aone kwa macho yake kwamba fedha zimeingia.